Dame si da-me, na mke wa Haji si Hajati

Majuzi Hajati mmoja wa huku kwetu Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, alinipigia simu saa nne usiku, ile saa ukiona jina la mtu mzima kwenye skrini unajua ni msiba tu. Kumbe ni kazi, alhamdulillah. Chama chao cha akina mama kimejenga chumba cha kujifungulia na wanataka kukifungua rasmi, mgeni wa heshima ni daktari mmoja, bibi mzee kutoka Uingereza aliyewahi kufundisha wakunga wa huku zamani, na Hajati anataka ratiba iwe na Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwa sababu watakaojaa kwenye matenti ni Wanubi na familia za askari na wengi wetu Kiingereza chetu ni cha kuombea maji. Kurasa mbili tu. Nalipwa kwa neno. Nikamwambia Hajati hata usihangaike, kesho asubuhi unaipata.

Kesho asubuhi nilikuwa bado niko mstari wa tatu.

Mstari wa tatu ndo ulikuwa na jina la mgeni, mbele ya jina kuna neno Dame, nyuma yake herufi tatu, DBE. Nilikuwa nimeshatafsiri kila kitu mpaka dua ya kufungia, nikarudi kwa Dame nikakwama. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 15 na anaishi kwa miziki ya Nairobi, akachungulia begani kwangu akasoma vile tunavyosoma Kiswahili, da-me, akacheka mpaka akakaa chini. "Senga (yaani shangazi), huyu mgeni ni dame wa nani?" Kwa asiyejua, vijana wa Nairobi wakisema dame wanamaanisha msichana, na mara nyingi ni msichana wa mtu. Sasa fikiria MC ameshika maiki mbele ya mashehe na mapadri anatangaza kwamba dame amefika.

Nikajaribu Bibi. Bibi huku ni nyanya yako ama mke wa mtu. Nikajaribu Mheshimiwa, lakini Mheshimiwa hapa Uganda ni mbunge na ukisema Mheshimiwa watu wanageuka kutafuta gari lenye dereva. Madam ni mwalimu wa shule, kama vile Sir ni mwalimu wa kiume, mimi nilimaliza darasa la saba nikiamini Sir Apolo Kaggwa, yule waziri mkuu wa zamani wa Buganda, alikuwa mwalimu wa mahali fulani. Mwishowe nikachoka nikaandika Lady, si ni Kizungu hichohicho, nikatuma.

Jibu likaja kutoka kwa msaidizi wa yule daktari, na adabu ile ya Waingereza ambayo inachoma kuliko matusi. Anashukuru sana kwa kazi nzuri, ila kuna jambo dogo tu, mgeni si Lady, mumewe hakuwahi kuwa Sir, yeye ni Dame na alipewa kwa kazi yake mwenyewe.

Nikamsomea Hajati hiyo barua kwa simu nikitegemea atasema weka chochote. Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa wewe mtoto, mimi nilienda Maka mwenyewe ama niliolewa na mtu aliyeenda Maka?" Nikasema ulienda mwenyewe Hajati. "Basi." Akakata.

Na kweli jibu lote lilikuwa hapo. Mke wa Haji si Hajati mpaka apande ndege mwenyewe, atufu mwenyewe, arudi na maji yake ya zamzam. Anaweza kuolewa na mtu aliyehiji mara saba, watu watamheshimu, lakini Hajati hawatamwita, na wakimwita atasikia aibu. Ila mama mchungaji ni kitu kingine. Mama mchungaji hajasomea uchungaji, ameolewa nao, siku mchungaji akipakwa mafuta naye anaamka na cheo. Hiyo ndo tofauti ya Dame na Lady. Lady ya mke wa Sir ni mama mchungaji, Dame ni Hajati. Nikajiambia sasa nimeelewa, nikafungua intaneti kuhakikisha tu, na hapo ndo siku mbili zingine zikapotea.

Coz kumbe Lady yenyewe si moja. Kuna nishani yao ya juu kabisa inaitwa Garter, yaani ile kamba ya kushikilia soksi, usiniulize, mfalme Edward wa Tatu aliianzisha 1348 na watu wa heshima zote wanaivaa mpaka leo. Zamani wanawake wa ukoo wa kifalme na wake wa wakubwa walikuwa wanapewa majoho ya Garter wanavaa siku ya sherehe, lakini hawahesabiwi kwenye wale wanachama. Wa mwisho kupewa alikuwa Margaret Beaufort, mama yake mfalme Henry wa Saba, 1488. Halafu kimya. Kimya cha miaka zaidi ya 400! Mpaka 1901 mfalme Edward wa Saba akampa mkewe Alexandra, na wanawake wa kawaida (kawaida ya huko, maana yake duchess) wakaruhusiwa kuwa wanachama kamili 1987, wa kwanza Lavinia wa Norfolk akaingia 1990, Margaret Thatcher akafuata 1995. Na sasa sikia, hawa wa Garter ndo hawaitwi Dame, wanaitwa Lady. Yaani kwenye nishani ya juu kuliko zote mwanamke aliyeipata kwa jasho lake anapewa neno lilelile la mama mchungaji. Nilisoma mara tatu.

Dame ya kupewa mwenyewe imekuja baadaye sana. Iliingia na Nishani ya Dola ya Uingereza, ile wanaandika BE mwishoni, mfalme George wa Tano aliianzisha Juni 1917 vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, wanawake wako kwenye viwanda vya risasi na mahospitali na ikawa haiwezekani tena kuwapa wanaume peke yao. Madaraja mawili ya juu mwanaume anaitwa Sir, mwanamke Dame, na DBE ya mgeni wetu ni Dame wa daraja la pili. Zile nishani zingine zilijivuta, ile ya Victoria ilingoja 1936, ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George (ile waliyokuwa wanawapa magavana wetu) ikangoja 1965, ya Bath 1971. Bath ni kuoga, ndiyo. Soksi na kuoga.

Na Dame ina masharti yake. Inashikana na jina la kwanza kama Sir, kwa hiyo yule mwigizaji Judi Dench ni Dame Judi, huwezi kusema Dame Dench, ni kama Hajati, wewe unasema Hajati Zainabu, humwiti kwa jina la babake. Lady ya mke wa Sir nayo inashikana na jina la ukoo la mume. Angalia hiyo kitu, jina lako mwenyewe linabaki kwa Dame, kwa Lady linapotea. Na mume wa Dame hapati chochote. Bure. Anabaki Bwana fulani hivohivo, anaingia kwenye dhifa nyuma ya mkewe amebeba mkoba. Mtoto wa kaka yangu akasema hiyo si haki, nikamwambia nenda kaoshe vyombo.

Kuna Sir mwingine wa chini kabisa, asiye mwanachama wa nishani yoyote, anagongwa upanga begani tu basi, Waingereza wanamwita Knight Bachelor. Huyo hana mwenzake wa kike. Hakuna neno. Majaji wa kiume wa mahakama kuu ya huko wakiteuliwa wanapewa hiyo, na mwanamke akiteuliwa jaji kazi ileile mshahara uleule inabidi apewe DBE kwa sababu hakuna pengine pa kumweka, kama vile mgeni wa kike akija barracks analazwa kwenye ofisi ya quartermaster.

Tatizo ukichimba unakuta liko kwa farasi. Mfaransa anasema chevalier, Mjerumani anasema Ritter, Mhispania caballero, wote hao ni mpanda farasi. Mwingereza peke yake knight yake zamani ilimaanisha kijana wa kazi, mtumishi. Kwa hiyo neno lilikuwa la kiume tangu zizini na mwanamke alipokuja hapakuwa na tandiko lake. Wafaransa ukiweka chevalier kwa kike unapata chevalière, lakini chevalière tayari ni pete, ile pete nene ya muhuri, kwa hiyo mwanamke wa Kifaransa akipewa Légion d'honneur anabaki kuitwa chevalier hivohivo kama mwanaume na maisha yanaendelea. Lady nayo kwa Kiingereza cha kale ni mkanda mkate, mwanamke anayekanda unga, na lord ni mlinzi wa huo mkate. Dame inatoka kwa Kilatini domina, mwenye nyumba. Kwa hiyo ukipanga vizuri, wanaume wako juu ya farasi na wanawake wako jikoni, mmoja anakanda na mwingine ana funguo.

Hii ya mwenye nyumba ilinifurahisha kwa sababu nikakumbuka Pwani. Waswahili wa kale walikuwa na Mwinyi kwa mwanaume mwenye mali na heshima na Mwana kwa mwanamke, Mwana Mkisi wa Mombasa, Mwana Kupona wa Pate. Mwana! Domina kabisa, mwenye mji wake, na haimwulizi mume ni nani. Nikaandika Mwana kwa herufi kubwa nikafunga laptop nikajipikia chai ya tangawizi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Kaka yangu akapita akasoma. Akasema, "Daktari ana miaka 80 na kitu mnamwita mtoto?" Nimesahau niko Uganda, hapa ukisema mwana watu wanasikia omwana. Chai ikapoa.

Neno lingine lilinila usingizi ni order yenyewe. Tumezoea kusema nishani, na ukisema nishani mtu anaona chuma chenye utepe kifuani kwa afande. Lakini zamani order haikuwa chuma, ilikuwa watu. Ni kama tarika, watu wamekula kiapo kimoja, wana siku yao, wana vazi lao, chuma ni alama tu kwamba wewe ni wa pale, na Wakatoliki wakisema shirika la masista ni neno hilohilo order. Ndo maana zilikuwepo za wanawake watupu. Ya Austria, ya Msalaba wa Nyota, ilianzishwa 1668 na Eleonora Gonzaga mjane wa kaizari baada ya moto kuunguza jumba lao Vienna na kipande cha mti walichoamini ni cha msalaba wa Yesu kikatoka kwenye majivu salama, basi akakusanya wanawake wa koo kubwa wakawa wanakutana kwa sala na kazi za huruma. Hiyo ni tarika kabisa. Ya Urusi ya Mtakatifu Katarina, 1714, Peter Mkuu aliianzisha kumshukuru mkewe. Ya Prussia ina jina la malkia Louise, 1814. Waingereza wakatengeneza Taji la India 1878, ya wanawake peke yao, na mwaka uleule 1878 Sultani Abdul Hamid wa Waturuki naye akatoa ya wanawake inaitwa Şefkat Nişanı, Nishani ya Huruma.

Soma tena hilo neno la Kituruki. Nişan. Nishani yetu ni hiyohiyo, imesafiri. Sultani Barghash wa Unguja alikuwa na yake ya nyota tangu 1875, hizi mambo hazikuanza na Waingereza.

Na inasimuliwa kwamba Tortosa, huko Hispania, 1149 wanaume walipokuwa wamekata tamaa wanawake walivaa nguo za kiume wakashika mashoka wakaulinda mji, na mtawala wao akawaundia order yao, Order ya Shoka, wakasamehewa kodi na kwenye sherehe wakawa wanatangulia mbele ya wanaume. Hiyo nilimsomea Hajati neno kwa neno. Akasema hao ndo wanawake, akauliza kama shoka zenyewe zipo bado.

Kwetu je. Mimi si mtu wa kusema kwetu kila kitu kilikuwa sawa, lakini kwa hili la majina tulikuwa na akili. Luganda ina Nna- mbele kwa kike na Sse- ama Ssa- kwa kiume, Nnalinnya ni binti wa mfalme, Nnamasole ni mama wa mfalme, cheo kinasimama chenyewe. Na mabinti wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ndo kali zaidi, wale wanaitwa ssebo. Ssebo! Neno la kumwitikia mwanaume, na mtu mzima anapiga magoti mbele ya msichana anasema ssebo. Bunyoro, Kalyota alikuwa dada rasmi wa Omukama, mfalme wa huko, ana ardhi yake, anasikiza kesi za wanawake wa Babito, ukoo wa kifalme, na cheo chake hakikutoka kwa mume maana kwa desturi ya zamani hakuruhusiwa hata kuolewa. Hiyo bei ni kubwa, nakubali.

Halafu wakaja Waingereza na Lady zao, tukazipokea tukazibandika kwenye majengo. Mengo, Kampala, kulikuwa na shule ya wakunga inaitwa Lady Coryndon, na Lady Coryndon ni nani? Ni mke wa gavana, Sir Robert Coryndon, aliyekuwa hapa 1918 mpaka 1922. Aliyekuwa anafundisha wakunga kwelikweli ni Katharine Cook, aliyefika Uganda 1897 kama nesi, jina lake Timpson bado hajaolewa, na yeye akawa Lady Cook 1932 siku mumewe daktari Albert alipofanywa Sir. Miaka 35 ya kushika watoto wa watu wakizaliwa na cheo kikaja kupitia kitandani. Hapo niliacha kucheka na yule msaidizi wa barua. Nilielewa kwa nini hakutaka Lady kwa daktari wake.

Nishani zetu za sasa, zile za sheria ya 2001, Nalubaale na Lulu ya Afrika na zingine, hazina neno la kike na lingine la kiume, medali ni moja mtu ni mmoja, hilo nawapa. Ila daraja la juu la Lulu ya Afrika linaitwa Grand Master, na master nayo wote tunajua ni nani nyumbani.

Siku ya tatu Hajati akanipigia, mtu wa kuchapisha ameshafungua mashine. Nikaandika Dame hivohivo kwa herufi za mlazo, jina, halafu "mwenye Nishani ya Dola ya Uingereza, daraja la pili", na chini yake nikaweka maneno madogo kwenye mabano ya kumsaidia MC asichanganye, "Dame hutamkwa deim, ni cheo chake mwenyewe, si cha mume". Nikaomba Mungu nikalala.

MC alikuwa sajenti mstaafu, mzee wetu hapa, sauti ya parade bado anayo na miwani hana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mgeni kumtafsiria. Akashika karatasi mbali na uso kama mtu anayesoma Qur'ani ya herufi ndogo, akafika mstari wa tatu, akasimama. Nikaona midomo inajaribu da. Nikafumba macho. Mzee akashusha karatasi akasema kwa sauti, "Afande Daktari!" na maafande kama sita kwenye hema la kushoto wakasimama wima bila kufikiri. Na unajua hata haikuwa kosa, huku kwetu mwanamke mwenye nyota begani ni afande, mwanaume ni afande, hatujawahi kuhitaji neno lingine na hilo nalo tulipewa na Waturuki.

Lakini mzee ni mwanajeshi, karatasi ikiandikwa lazima isomwe yote. Akaiinua tena akasoma jina, akasoma nishani, akasoma daraja la pili, na hakuishia hapo, akasoma na yale ya kwenye mabano, polepole, kwa spika zote nne, "ni cheo chake mwenyewe, si cha mume."

Vigelegele vilivyotoka upande wa akina mama, hema lilitikisika. Hajati alikuwa amesimama anapunga leso. Wale waliofunga vitoto mgongoni nao wamesimama, vitoto vinalia, padri anapiga makofi bila kujua ya nini, na yule bibi akanigeukia akaniuliza kwani amesema nini kumhusu. Nikamwambia amesoma ratiba tu.